Kisigino cha Mama Mbele ya Simu

Kaka yangu ni mtu wa mahesabu. Hilo hulisema mwenyewe, tena mbele za watu, kifua mbele. Ana ofisi Mbeya mjini, ana meza ya kioo, na likitokea jambo lolote la familia, kabla hajasema pole atakuwa ameshaliandikia orodha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Arusi ina orodha. Msiba una orodha. Mama alipoota doa kisiginoni, orodha ilifika kabla ya salamu.

Mama anaishi Iringa, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, si mbali na soko. Babu wa baba alikuja kutoka pwani na marobota ya nguo, akaoa, akasahau kurudi. Ndiyo maana mpaka leo watu wa pwani wanatuita wabara, na wabara wanatuita Waswahili, na sisi tumezoea. Mama ni mwanamke wa kanga safi na maneno machache. Kwa umri wake alikuwa bado anapanda na kushuka vilima vya Iringa kwa miguu, kwenda sokoni, kwenda misibani, kwenda kuwasomea Kurani wagonjwa wa watu wengine.

Doa aliliona mwenyewe. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku anaijua miguu yake. Lilikuwa jeusi, dogo kama punje ya choroko, pembeni mwa kisigino cha kulia. Haliwashi, haliumi. Alinieleza kwenye simu baada ya kuniuliza habari za watoto, habari za mume, habari za biashara na bei ya mchele Mbeya. Mwisho kabisa, wakati nimeshajiandaa kuaga, akasema, "Halafu kuna kidoa hapa kisiginoni, kinakua. Kinanishangaza."

Mimi nauza vitenge soko la Mwanjelwa, hapohapo Mbeya. Jioni ile nilimpigia kaka, naye akafanya utafiti, kama anavyoyaita mambo yake. Daktari wa ngozi, akasema, kwa siku zile anapatikana Mbeya, Iringa hayupo. Kwa hiyo upande mmoja wa orodha akaweka: nauli ya mama, nauli ya msindikizaji, bajaji, kadi ya kumwona daktari bingwa, vipimo, chakula, malazi. Upande wa pili akaweka: daktari wa ngozi kwa video, elfu thelathini, na bando. Chini ya upande wa pili akapiga mistari miwili. Ukoo mzima ukanyanyua vidole gumba. Mjomba mmoja aliyeko Tanga, ambaye hajamwona mama tangu maziko ya baba, akaandika, "Teknolojia oyee!"

Sasa nisemeje kuhusu hayo malazi. Malazi ya nani? Kaka ana nyumba ya vyumba vinne, vigae chini, masofa mapya ambayo bado yamevikwa nailoni, na kutoka mlangoni kwake mpaka hospitali kubwa ni dakika kumi kwa bajaji. Kwetu mama akija kutibiwa haulizwi anaondoka lini. Anakaa mpaka apone, kisha anakaa apumzike kupona, kisha anakaa kwa sababu wajukuu wamemzoea. Hiyo ndiyo gharama iliyokuwa inaogopwa, na haikuwa na tarakimu. Kaka akaipa jina la malazi, utadhani mama angelala gesti, na hakuna hata mtu mmoja katika lile kundi aliyemuuliza.

Mimi pia sikumuuliza. Nina vyumba viwili vya kupanga, mume na watoto watatu, na niliposoma ile mistari miwili nilishusha pumzi. Niliona aibu baadaye, lakini siku ile nilishusha pumzi.

Palikuwa na tatizo moja dogo. Simu ya mama ni kitochi, simu ya kubonyeza, haina video wala haitaki. Ikabidi mtu mwenye simu ya kisasa asafiri mpaka Iringa kwenda kumshikia. Nani? Kaka ana ofisi. Shemeji yangu ana presha. Basi nikafunga kibanda siku mbili, nikapanda basi kutoka Mbeya mpaka Iringa kwenda kuokoa nauli ya Iringa mpaka Mbeya. Naomba msomaji asirudie kuisoma hiyo sentensi, nimeiandika nilivyokusudia. Nauli yangu haikuwemo kwenye orodha, wala siku mbili za kibanda. Mtu wa mahesabu!

Nilifika jioni. Asubuhi yake nikamkuta mama amekwisha kufagia, amepiga deki, ametandika shuka jipya kitandani, na juu ya kigoda amefunika kikombe cha chai ya iliki na tangawizi. Amevaa doti ya kanga ambayo huitoa kwa Idi tu. Nikamuuliza chai ni ya nani.

"Ya mgeni," akasema. "Si umesema daktari anakuja saa nne?"

Nikacheka. Kisha akapandisha miguu kitandani, nami nikaacha kucheka. Miguu yote miwili ilikuwa na hina. Si hina ya kuchorwa maua, la. Ilikuwa hina ya kupakwa yote, nyayo nzima mpaka ukingo, nyeusi ti, ya kulaliwa usiku kucha imefungwa kwa mifuko. Jirani alikuwa amekuja kuipaka siku moja kabla sijafika, na jioni ile soksi zilinifichia.

"Mama! Hii nini sasa?"

"Nini tena? Nimwonyeshe mtu baki mguu mkavu, umepasuka? Atasema sina watoto."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, nilimuuliza kama angepaka hina kwa kwenda hospitali. Akanishangaa. Hospitali, akasema, mtu anakwenda na ugonjwa wake jinsi ulivyo, kule yeye ni mgonjwa. Lakini daktari akija nyumbani kwako, hata kwa simu, huyo ni mgeni wako, na mgeni huwekewa mambo vizuri. Mama hakukosea hapo kwa ujinga. Alikosea kwa adabu, na hakuna kijana yeyote aliyetengeneza ile huduma aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya mwanamke kama mama akajua.

Ningeahirisha. Lakini elfu thelathini ilikuwa imeshalipwa na hairudishwi, na mimi ni dada wa kaka yangu. Saa nne na robo daktari akatokea. Kijana nadhifu, spika masikioni, nyuma yake picha ya rafu ya vitabu iliyowekwa na kompyuta, iliyokuwa inamla masikio kila akigeuza kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

Akacheka kwa heshima, akaomba kuona mguu. Nikaisogeza simu. Sasa hiyo simu yangu niliinunua kwa ajili ya kupigia picha vitenge, na ina tabia ya kupendezesha kila inachokiona bila kuombwa. Inafuta makunyanzi, inang'arisha rangi. Kwa vitenge inaniletea wateja. Kisigino cha mama kikaonekana laini, cha mwari anayetolewa ndani.

"Naona hina," akasema daktari.

"Ndiyo, baba."

"Doa liko wapi?"

"Hapo pembeni," nikasema.

"Pembeni naona nyeusi, lakini kote naona nyeusi. Haiwezi kuoshwa?"

Mama akamtazama kwa huruma, akanong'ona kwamba huyu kijana bado hajaoa. Kisha akamweleza kuwa hina haioshwi, inakwisha yenyewe. Daktari akasema basi tusubiri ififie, tumpigie tena. Dakika nane. Yeye simbezi sana, maana alisema wazi kwamba hawezi kuona. Ninaowabeza ni waliosikia hivyo wakafurahi. Kabla sijafika stendi, kaka alikuwa ameshaandika kwenye kundi: "Alhamdulillahi, mama ameonwa na daktari bingwa. Tumeokoa pesa nyingi." Vidole gumba vikanyanyuka tena.

Mwanamke yeyote wa kwetu atakuambia hina ya kisiginoni haina haraka. Viganjani inakwisha mapema, lakini ngozi nene ya kisigino inaing'ang'ania. Tulisubiri wiki saba. Idi ikapita katikati, mama asipake, na aliniambia alikwenda kuswali akiona haya kana kwamba amesahau mtandio. Wiki saba doa likiwa na nafasi yote duniani.

Nikasafiri tena. Safari hii mguu ulikuwa mtupu, na doa lilikuwa limepita ukubwa wa sarafu ya mia, kingo zake zimetambaa. Nililitazama kwenye kioo cha simu, nikihangaika lisitoke nje ya picha. Daktari yuleyule akaniambia niwashe tochi, nizime tochi, nisogee, nirudi nyuma.

"Inaweza kuwa damu imevilia. Inaweza kuwa fangasi. Inaweza kuwa kitu kingine kibaya zaidi. Kwa kuona hivi siwezi kusema," akasema. "Nawaandikia krimu ya wiki mbili. Kama halibadiliki, aende hospitali, wamkate kinyama kidogo kikapimwe. Msingoje."

Hayo maneno nilimfikishia kaka yote, moja baada ya jingine, nikiwa bado stendi. Yeye akachukua krimu na wiki mbili. Kinyama kidogo kikapimwe akakiacha.

"Hawa lazima wajikinge," akaniambia. "Kila daktari atakwambia kapime. Ndiyo biashara yao."

"Amesema tusingoje."

"Wewe dada una wasiwasi. Kule kwenye kundi usiwatie watu hofu."

Nikakata simu, nikapanda basi. Kwenye kundi kaka akaandika fangasi. Mjomba wa Tanga akashauri kitunguu saumu. Binamu mmoja, ambaye hana hata elfu mbili aliyowahi kuchanga, akamwekea mama methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Mama, ambaye hana WhatsApp, na ambaye ndiye pekee katika ukoo mzima aliyelitangaza lile doa siku alipoliona!

Wiki mbili zikaisha, doa likabaki na kuzidi. Kaka akalipia miadi ya tatu. Aliniarifu kwa furaha kabisa kwamba miadi ya ufuatiliaji ni nusu bei. Mimi nilikuwa nimepokea mzigo, nikakataa kusafiri, na hilo nalo ni langu. Jirani akamwazima mama simu, akampigia daktari, akampa mama, akakimbilia jikoni kwake kuepua wali. Mama akafanya alichokifanya na simu maisha yake yote: akaiweka sikioni. Daktari akazungumza na sikio la mama kwa dakika nzima, akiomba aonyeshwe mguu, na mama akiitikia, "Naam, baba, nakusikia vizuri sana." Jirani aliporudi, mtandao ulikuwa umekatika. Kaka akaandika: "Miadi ya tatu imefanyika."

Baada ya hapo mkeka wa kuswalia ulianza kupata damu. Alikuwa anainuka kutoka kwenye sijida, anaona alama pale kilipokuwa kisigino. Aliufua mkeka mara tatu bila kumwambia mtu, maana watoto wamegharamika sana. Aliyeniita ni jirani. Sikuandika chochote kwenye kundi. Nilipanda basi la alfajiri, na saa saba mchana nilikuwa naye kwenye benchi la hospitali, hapohapo Iringa, mahali ambapo bajaji ilitufikisha kwa pesa isiyofika hata bei ya lile bando.

Aliyempokea alikuwa nesi wa makamo, Mhehe. "Kamwene, bibi," akamsalimia kwa Kihehe, akavaa glavu, akakipokea kisigino kwenye kiganja chake. Akakigeuzia dirishani. Akakibonyeza pande zote, taratibu. Kisha akavuta pazia, akapandisha mkono mpaka kwenye kinena cha mama, akatafuta kitu kwa vidole, akakipata. Uso wake ukabadilika. Muda wote huo haukufika muda wa kununua vocha. Akauliza tangu lini, nikamweleza yote, simu zote tatu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Siku hiyohiyo tuliandikiwa barua ya kwenda Mbeya, na kesho yake mama alilala kwangu, kwenye kitanda changu, watoto chini. Kinyama kidogo kikakatwa, kikapimwa. Saratani. Daktari wa Mbeya alikuwa mtu mpole, akatueleza bila kutuficha: lilipokuwa punje ya choroko angelikata kwa kulizunguka, mama akarudi nyumbani akitembea. Sasa imeingia ndani na imeshapanda kwenye tezi za kinenani. Mguu utaondoka chini ya goti, kisha ndipo waanze kuongea habari za dawa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nitatawadhaje?" akauliza.

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi, aliyekuwa na msalaba shingoni, akasema, "Mungu anajua, bibi." Mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika na jibu hilo kuliko nilivyoridhika mimi.

Orodha mpya ilitoka jioni. Upasuaji, damu, magongo, dawa, na chini yake mwaliko wa kuchanga. Nilijibu kwa swali moja: "Malazi umeweka?" Alama za bluu zikaonyesha kwamba wote wamesoma. Hakuna kidole kilichonyanyuka.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, kaka alipiga video. Alikuwa sebuleni kwake, niliona nailoni ya sofa ikimetameta begani. Nikamwambia mama, kaka yuko hewani, anataka kukuona. Mama akageuza uso ukutani.

"Mwambie mgonjwa huendewa," akasema.

Nikamwambia, tena kwa sauti ya juu ili wa vitanda vya jirani wasikie. Sikuwa na haya. Miezi ile yote nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia kaka yangu, nimeyapanga na kuyanoa, nangoja tu asimame mbele yangu.

Kesho yake alikuja. Suti, viatu vinang'aa, boksi la juisi ya embe na mfuko wa tufaha. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha, kabla hata hajaweka juisi chini, akatoa simu na kuinyanyua.

"Mama, tazama huku kidogo. Ukoo wanataka wakuone."

"Weka hiyo."

"Kidogo tu, mama, wana wasiwasi."

"Nimesema weka."

Akaiweka kwenye kabati la kitanda. Mama akalivuta shuka mwenyewe, akalitupa pembeni. Kilikuwa kigutu kilichofungwa bendeji nyeupe, kimelala juu ya mto, kifupi kuliko nilivyokuwa nimekizoea siku tatu zile.

"Shika," akamwambia.

"Utaumia, mama."

"Shika, mwanangu."

Kaka yangu akaunyoosha mkono, ule mkono wa kupiga mistari miwili, akauweka juu ya bendeji. Akalia kwa sauti katika wodi ya wanawake, tufaha zikamwanguka na kubingirika chini ya vitanda. Mama mmoja wa Kinyakyusa wa kitanda cha pili akaanza kumpa pole. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo, na maneno yangu yalikuwa yote mdomoni, makali, tayari.

"Na wewe," mama akasema. Alikuwa ananitazama mimi. "Umesimama nini huko? Njoo."

Nikaja. Nikaweka kiganja changu karibu na cha kaka. Bendeji ilikuwa na joto. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilisafiri mara mbili kwenda kumwonyesha daktari mguu ule, nikaketi nao kitanda kimoja, na sikuwahi kuugusa. Ile mara ya pili uvimbe chini ya lile doa ulikuwa umeshaanza, daktari wa Mbeya alituambia hivyo, na kidole kimoja tu kingeuhisi. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika simu.